Tororo gani?

Wiki ya pili tangu nirudi nilimpigia simu mwenzangu niliyesoma naye darasa moja: twende tupande Jiwe. Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, ukisema Jiwe, yaani ule mwamba mkubwa wa mji wetu, hakuna anayeuliza jiwe lipi. Utotoni tulilipanda Jumapili mchana, miguu mitupu, muwa mkononi, tukishindana nani atafika kileleni kwanza.

Safari hii, chini ya mti alikaa kijana na daftari. Nikamsalimia kwa Kiswahili, maana ndicho kilichotukutanisha mji huu: Wajapadhola, Wateso, Wasamia, Wagisu, watu wa reli, madereva wa kwenda Malaba, mpakani na Kenya. Akanijibu kwa Kiingereza: mgeni analipa zaidi ya mwenyeji. Nikamwambia mimi si mgeni, nikajiandika mwenyewe: Tororo. Akaniangalia viatu, akaliangalia begi, akauliza kwa Kiswahili sasa: "Tororo gani?"

Nimekaa Sharjah, jirani na Dubai huko Uarabuni, miaka 14 nikilinda geti la watu. Kule ukiulizwa unatoka wapi ukasema Tororo, hawaijui. Basi nikawa nawaeleza, mji wenye jiwe kubwa katikati. Nimelisema hivyo kwa Wahindi, kwa Wapakistani, kwa Wakenya tuliolala nao chumba kimoja. Jiwe hilo ndilo lililokuwa anwani yangu. Leo nimesimama chini yake, naulizwa Tororo gani.

Na kijana yule simlaumu sana, mimi naondoka yeye alikuwa bado ananyonya. Niliumizwa na mwenzangu. Nilingoja aseme maneno matatu tu: huyu ni wetu. Akacheka, akanipiga begani. "Lipa tu ndugu yangu, wewe ni mtu wa dola." Nikalipa ya kwangu na ya kwake, nikamfuata nyuma kimya. Siku zote nilipotuma pesa za msiba, za ada, za harusi, sikuwahi kuulizwa ni Tororo gani.

Njia yenyewe si ndefu. Unapita vichakani, halafu mwamba mtupu, halafu ngazi za chuma. Kwenye ngazi kifua kilinibana. Mwenzangu akarudi, akanivua begi bila kusema neno, akalibeba mpaka juu.

Kilele kiko mita 1,483 kutoka usawa wa bahari. Kaskazini mashariki Mlima Elgon ulikuwa umejifunika mawingu. Chini kiwanda cha saruji, upande mwingine vilima vya Sukulu, na malori yakielekea mpakani kama siafu. Mwenzangu akanyoosha kidole: "Unaliona lile bati la bluu? Hapo ndipo ulipokuwa mwembe wenu." Mimi nilikuwa nimeutafuta nisiuone. Yeye aliukumbuka, hata tawi lililomvunja mkono. Hapo hasira ikapungua, lakini haikuisha.

Wewe uliye nje na unapanga kuja kulipanda, nenda alfajiri kabla jua halijauchoma mwamba. Mvua ikinyesha usithubutu, panateleza. Beba maji. Viatu vipya viache nyumbani, bei malizana nayo kabla ya kushika kalamu, na aliyebaki hapa mwambie mapema akusemee pale mlangoni. Usidhani atajua mwenyewe. Mimi nilidhani.

Tulipoteremka nikaliomba daftari. Kwenye safu ya unakotoka, ile Tororo yangu ilikuwa imekatwa kwa mstari, na juu yake pameandikwa Dubai. Neno hilo kijana hakulipata kwangu. Nikamtazama mwenzangu, safari hii hakucheka.

Nikaomba kalamu, nikaikata Dubai, nikaandika kwa herufi kubwa: TORORO, AGURURU. Kijana akasoma polepole. "Kumbe Agururu," akasema. "Hata mimi ni wa huko."