Waimbaji Waliporudi Shambani

Somo: Nehemia 13:10–13

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sura ya 12 ya Nehemia ni sherehe tupu. Ukuta wa Yerusalemu umekamilika, waimbaji wameitwa kutoka vijiji walivyojijengea kuuzunguka mji, wamegawanywa makundi mawili makubwa, wanapita juu ya ukuta na matoazi na vinanda mpaka furaha ya mji inasikika mbali. Hiyo ndiyo tunayoihubiri siku ya kuzindua jengo. Sura ya 13 tunairuka, au tukiigusa tunakimbilia habari za Sabato.

Mimi sura hiyo ilinikamata nikiwa Unguja kwa shughuli za kifamilia, masika yamekolea. Mvua ilipopumzika niliingia Ngome Kongwe, pale karibu na Forodhani, kwenye uwanja wa tamasha la muziki la Sauti za Busara lililoanza mwaka 2004. Picha zake za Februari tumeziona wengi: jukwaa, taa, umati umebanana mpaka ukutani. Siku ile wageni walikuwa wa kuhesabu. Muuza picha za tingatinga alikuwa amezifunika zote kwa nailoni, yeye mwenyewe anasinzia. Ngazi za mawe wanapokaa watazamaji zilikuwa zimeshika kuvu ya kijani, na kijana mmoja amechutama na brashi ya waya anazikwangua moja moja, ndoo ya maji pembeni.

“Shikamoo mama. Angalia hapo usiteleze.”

“Marahaba mwanangu. Mbona mapema hivi, tamasha si mpaka Februari?”

“Ikiachwa mpaka Februari haitoki.”

Akaendelea na kazi yake. Nikakaa kwenye ngazi aliyokwisha kuimaliza.

Ngome ile waliijenga Waomani mwishoni mwa karne ya 17, baada ya kuwafukuza Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno hao. Kwa Mkristo hilo lina uzito wake, na najua mhubiri mwingine angejenga hapo mahubiri mazima. Mimi nilichoondoka nacho ni mwaka 2016. Mwaka ule Sauti za Busara halikufanyika. Ngome ilikuwepo, wanamuziki walikuwepo, na wa kuwasikiliza walikuwepo. Fedha ndizo hazikutosha. Likarudi 2017.

Kwa hiyo uwanja uleule umewahi kunyamaza kwa namna mbili. Kuna kunyamaza kwa masika, ambako kila mtu anajua ni msimu na kazi za chini zinaendelea. Na kuna kunyamaza kwa 2016. Mpita njia akichungulia langoni hawezi kuona tofauti yoyote.

Nehemia, liwali aliyesimamia ujenzi wa ukuta, aliiona tofauti hiyo. Alikuwa amerudi kwa mfalme, na alipokuja tena Yerusalemu akakuta kuhani Eliashibu amempa Tobia, yule aliyepinga ujenzi wa ukuta, chumba kikubwa hekaluni, kilekile walichokuwa wakiwekea zaka za nafaka, divai na mafuta kwa ajili ya Walawi (wahudumu wa hekalu), waimbaji na mabawabu. Ghala limekuwa nyumba ya kulala ya mkubwa mmoja! Akavitupa nje vyombo vyote vya Tobia. Halafu akagundua kwamba Walawi na waimbaji hawajapewa sehemu zao na wamekimbilia kila mtu shambani kwake. Angalieni aliowagombeza. Si waimbaji. Hakuwaambia wamepoa kiroho. Aliwaendea viongozi akawauliza, “Mbona nyumba ya Mungu imeachwa?”

Sisi wa Tabora neno “shambani” halihitaji kufafanuliwa. Tukianza kulima, kwaya inabaki nusu. Yule kijana wa besi tunayemsifia Pasaka anakesha Urambo akichochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku (mjadala wa mwamini na tumbaku tuuache kwa leo), na mwezi wa 4 bado tunamwandika “mtoro wa mazoezi”. Nani alimuuliza nauli ya kuja mazoezini inatoka wapi? Kinanda kimeharibika vibao, tumeweka kitambaa juu. Sare tunachangishana wiki moja kabla ya sikukuu, kwa kelele, na waliochelewa kulipa wanasimama nyuma.

Na mkoa huu huu ndio wenye Ulyankulu, makazi ya ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Barabara za makazi zikapewa namba, na kwaya ya Barabara ya 13 ikavuma nchi nzima. Kanda zao tulizichakaza wenyewe hapa mjini. Waliokuwa wakiimba walikuwa wakimbizi wanaolima. Tulizipenda sauti zao, na wengi wetu hatukuuliza wanakula nini.

Mstari wa 13 unasema Nehemia aliweka watunza hazina juu ya ghala: kuhani, mwandishi, Mlawi, na msaidizi wao, watu waliohesabiwa kuwa waaminifu. Kazi yao ilikuwa kuwagawia ndugu zao. Kanisani kwetu tuna mhasibu, tuna kamati ya ujenzi, tuna kamati ya mapambo. Wa kuwagawia waimbaji hatuna. Jumatano baada ya maombi naomba wazee wabaki, tumtafute huyo mtu kabla vitalu vya tumbaku havijaanza kumwagiliwa. Mkija, muwe mmesoma Nehemia 12:44–47, hasa pale panaposema sehemu za waimbaji zilitolewa kila siku.