Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Umeme wa Malori, Tabora

Saa moja na nusu asubuhi nilipofika karakana yetu ya Isevya, lori lilikuwa limenitangulia langoni. Lilikuwa la Kijapani, la zamani, la volti 24, la aina tunayoizoea kila msimu ikibeba marobota ya tumbaku kutoka Urambo na Kaliua. Nilimwamkia dereva, mzee wa makamo ya baba yangu, nikamwomba aeleze tabu zote kabla sijafungua chochote. Alisema stata, yaani mota ya kuwashia injini, inazunguka kwa uchovu, mshale wa joto la injini unapanda usiku, na fyuzi ya taa za kurudi nyuma inaungua kila anapoingiza rivasi. Njiani alikuwa ameshabadilishiwa thamostati, valvu inayoongoza maji ya kupoza injini, na betri zote mbili, na hakuna kilichopona.

Nilimuuliza mshale unapanda usiku wakati gani hasa. Akajibu, “Nikiwasha taa, mwanangu.” Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko vipuri vyote alivyonunuliwa, kwa sababu maji ya rejeta hayapati moto kwa kuwashwa taa. Mshale unaofuata swichi ya taa unaeleza habari za umeme.

Saa mbili nilianza na betri. Kila moja ilisoma volti 12.4, kiasi kidogo kwa betri mpya iliyotoka kusafiri. Tuliwasha injini na taa zote, nikapima alteneta, mashine inayochaji betri, kati ya nguzo yake ya chanya na bodi yake yenyewe, nikapata volti 28.0, yaani ilikuwa nzima kabisa. Lakini kwenye betri zilifika 26.9 tu. Upande wa chanya, kutoka alteneta hadi betri, ulipoteza volti 0.1, na upande wa hasi, kutoka bodi ya alteneta hadi hasi ya betri, ulipoteza volti 1.0 nzima. Kisha nilimwomba dereva apige stata huku mita ikiwa kati ya bloku ya injini na hasi ya betri. Ilisoma volti 4.6, mahali ambapo hatutaki kipimo kivuke nusu volti.

Injini na giaboksi hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Ndiyo maana kiwandani hufungwa waya mnene wa ethi, yaani wa kurudishia umeme, kutoka giaboksi hadi kwenye chesisi (fremu ya lori, iliyoungwa na hasi ya betri), ambao umeme wote wa stata na wa alteneta hurudia humo. Waya huo ukioza, umeme hutafuta njia nyingine. Niligusa kebo ya mafuta ya injini mara baada ya kupiga stata, nikaikuta ina joto, jambo la hatari ambalo limewahi kuunguza kebo za magari mengi. Sensa ya joto nayo hutegemea bodi ya injini, hivyo taa zinapowaka na alteneta kutoa umeme mwingi zaidi, bodi ya injini hushuka volti chini ya chesisi na mshale hudanganya kuelekea moto.

Kijana ninayemfundisha aliuweka waya ule kwenye kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa waya, mita ikaonyesha karibu na sifuri, akaniambia waya ni mzima. Hapa ndipo mafundi wengi hupotea, na hapo hupenda kukawia kwa makusudi. Mita hupima omu kwa kupitisha umeme mdogo mno, ambao hata nyuzi chache zilizobaki zinaumudu. Stata huvuta mamia ya ampea: kwenye omu 0.02, ampea 200 zinakula volti 4, na omu 0.02 mita ya kawaida haiwezi kuitofautisha na sifuri. Waya wa namna hii hupimwa kwa volti, mzigo ukiwa unafanya kazi.

Tulifungua betri, tukasugua chuma kwa msasa pande zote mbili hadi kikang’aa, tukafunga waya mpya wa shaba, mnene, na kuupaka grisi juu ya boliti. Stata ilipopigwa tena, mita ilisoma 0.2. Ilikuwa imefika saa saba, tukala.

Saa nane niligeukia rivasi. Mahali pa fyuzi niliunga balbu ya wati 21, ambayo kukiwa na shoti, yaani waya wa umeme kugusa chuma, huwaka kwa nguvu zote bila kuunguza waya. Dereva aliingiza rivasi, balbu ikawaka sana, nami nikawa nautikisa mkungu wa nyaya kidogo kidogo kuanzia swichi iliyo kwenye giaboksi. Nilipoinua sehemu inayopita juu ya bano la chuma, balbu ilififia. Waya ulikuwa umesagika pale kwa mtikisiko na vumbi la barabara za vijijini. Niliulehemu kwa risasi, nikauvika mpira, nikaupitisha mbali na bano. Kuna wanaoweka uzi wa shaba mahali pa fyuzi ili lori liondoke haraka. Huko ni kuliandalia lori moto.

Saa kumi tulilijaribu kwenye barabara ya Urambo, taa zikiwaka, na mshale ukatulia mahali pake. Tajiri, mwenye lori, alihoji kwa simu kwa nini alipe ufundi mkubwa hivyo kwa waya mmoja uliobadilishwa. Nilimsomea vipimo, nikamweleza kwamba betri za zamani zilizoondolewa zilikuwa nzima na thamostati haikuwa na kosa. Alinyamaza kidogo, kisha akatuma fedha. Kabla lori halijaondoka niliandika vipimo vya kabla na vya baada kwenye daftari lake, ili fundi yeyote atakayelifungua huko linakokwenda, Morogoro, aanzie pale tulipoishia.