Mlango wa kukunja ukianza kukwaruza, anzia kwenye pini ya chini

Mlango wa kukunja wa kabati la nguo unapoanza kukwaruza sakafu au kukwama kabla haujafunga, wengi wetu hukimbilia kukaza bawaba zinazounganisha vipande vyake viwili. Bawaba ndizo zinazoonekana, lakini ni nadra kuwa chanzo cha tatizo. Uzito wa mlango huu hubebwa na pini fupi iliyo kwenye kona ya chini, upande wa fremu, ambayo hukaa ndani ya kishikizi kilichofungwa sakafuni. Pini ya juu, yenye springi, huuzuia tu usianguke, na kigurudumu cha upande wa pili huuongoza ndani ya reli.

Funga mlango, kisha utazame mwanya ulio kati ya ukingo wake na fremu. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au kinyume chake, mlango umeinama na unahitaji kusogezwa, si kupigwa randa. Mbao ikishapunguzwa hairudi, na mara nyingi kosa lote lilikuwa la skrubu moja iliyolegea. Juu, legeza skrubu ya kishikizi kilicho ndani ya reli, kisogeze kidogo, kisha ukaze tena. Chini, kishikizi huwa na meno, nawe huuinua mlango na kuihamishia pini kwenye nafasi inayofuata. Ikiwa mlango umeshuka wote kwa pamoja, zungusha pini ya chini kwa spana huku mtu akiunyanyua mlango kidogo: kadiri pini inavyotokeza nje, ndivyo mlango unavyopanda.

Marekebisho hayo hayatadumu iwapo tundu la pini lenyewe limepanuka, jambo linalotokea sana kwenye milango ya mbao laini au ya maganda ya mbao yaliyoshindiliwa. Hapo hakuna njia ya mkato, mlango lazima utoke. Ukunje kabisa, ushike vipande vyote viwili, usukume juu hadi springi ibonyee, kisha vuta sehemu ya chini itoke kwenye kishikizi. Mlango wenye kioo uondolewe na watu wawili. Kwangua vumbi na gundi ya zamani ndani ya tundu, lijaze vijiti vya mbao ngumu vilivyopakwa gundi ya mbao, na uache vikauke hadi kesho yake, kwa maana gundi iliyoharakishwa itakurudisha kazini mapema. Kata vilivyotokeza, kisha toboa tundu jipya lililo jembamba kidogo kuliko pini, ili iingie kwa kubana. Kama kona imepasuka, ingiza gundi ndani ya ufa na uibane kwa jiriwa kabla ya kutoboa.

Matunzo ya kawaida ni mepesi. Futa reli kwa kitambaa kikavu, kaza skrubu za kishikizi cha sakafuni, na upulizie silikoni kavu badala ya mafuta au grisi, ambazo hunasa vumbi na kugeuka uchafu mzito unaokwamisha kigurudumu. Kigurudumu kilicholika upande mmoja hakitengenezeki. Nenda nacho dukani unapotafuta kingine, kwa sababu unene wa pini zake hutofautiana kati ya mlango na mlango.