Watoto Tuliogeuzwa Mzigo

Leo asubuhi pale Mwanga, Kigoma, nimempita kijana anafunga bushi za gari la watu, vile vibomba vya kumeza kishindo pale springi inaposhikia gari. Gari liko juu ya jeki, matairi yananing'inia, naye anakaza nati mpaka mishipa ya shingo imemsimama. Nilitaka kusema neno. Nikajua atakavyonitazama, mwanamke na kapu lake la dagaa, nikapita zangu.

Akili lakini ilishafika Gungu ya utotoni, kwenye ile Land Rover ya Baba, Series III, ile ndefu ya 109.

Ilikuwa imeanza kugonga. Kila shimo la barabara ya Kasulu, ngo! kwa mbele, na usukani unavuta pembeni. Babu (ndivyo tulivyomwita fundi, ingawa hatukuwa na udugu naye) akachomeka mtaimbo kati ya springi na chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, akausukuma kidogo tu, springi ikacheza.

"Mwalimu," akamwambia Baba, "hapa hamna bushi. Hapa kuna hadithi ya bushi."

Gari lile linakula bushi 12: nane kwenye masikio ya springi, yale matundu ya ncha zake, nne kwenye chesisi. Basi nyumbani ikawa kikao. Mjomba alikuwa amekuja na bushi nyekundu kutoka Nairobi, za plastiki ngumu, akiapa kwamba hizo hazizeeki. Mchongaji vyuma naye alikuwa tayari kuzichonga za nailoni, bei ya chini kuliko zote, na siku hiyohiyo unaondoka nazo. Za mpira, zile ambazo mpira umegandishwa kati ya vibomba viwili vya chuma, ilibidi ziagizwe Gerezani, Dar, zije kwa treni. Treni yetu mnaijua.

Babu alizipima mkononi moja moja kama mtu anayenunua maembe. "Nailoni haitakufa, Mwalimu. Itakayokufa ni chesisi." Ngumu kwa ngumu, akasema, kishindo chote kinaishia kwenye chuma, na chuma kinapasuka palepale springi inaposhikia. Zile nyekundu hakuzikataa. Ila hizo huzunguka kwenye kibomba chake cha ndani, kwa hiyo zinataka grisi yake maalumu, na kwa vumbi letu zikikauka zitapiga kelele njia nzima. Ya mpira haizunguki kabisa. Springi ikipanda, mpira unajisokota, ikishuka, unajirudisha.

"Basi za mpira," Baba akasema. "Siwezi kuvunja chesisi kwa kukwepa bei."

Yaliyofuata nayapitia haraka: treni ilichelewa, bushi za zamani zikachomwa moto mpaka Gungu nzima ikanuka, maganda yake yakakatwa kwa msumeno taratibu chesisi isiguswe. Kuna mtu alileta mawese ili mpya ziteleze kuingia. Babu akamfukuza. Mafuta yanakula mpira. Akadai maji ya sabuni.

Ninachokiona mpaka leo ni jioni ile. Bolti zote zimeingia, nati zimeshikishwa kwa vidole tu, na Baba anataka kazi iishe maana giza linaingia. Babu akashusha jeki.

"Mzee wangu, si ungekaza kwanza?"

"Nikikaza gurudumu likiwa hewani, mpira unashika hapo. Ukishusha gari, umeshajisokota kabla hujatoka hata nyumbani. Shimo la kwanza unachanika." Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tunazubaa ukutani. "Wajukuu, pandeni! Kaeni kama mnaenda Kasulu."

Tukapanda. Watoto wa mtaa mzima, waliokuwa na kandambili na wasio nazo, wengine wamebeba wadogo zao mgongoni, juu ya madumu ya mawese yaliyokuwa bado nyuma. Springi zikalalama, zikalala. Babu akajilaza chini, ikabaki miguu tu inaonekana, spana ameirefusha kwa bomba. "Asitikisike mtu!" Nani angeweza? Kila nati ilipolia tulibana pumzi, halafu mmoja anacheka, wote tunacheka, naye kule chini anatutukana kwa Kiha. Sijawahi tena kukaa ndani ya gari lisilokwenda popote nikajiona ninahitajika hivyo.

Usiku nikamsikia Mama akiuliza: kulikuwa na haja gani ya kungoja treni yote ile, na bushi za kaka yake zipo mezani?

"Za kaka yako?" Baba akajibu. "Hizo ningezilipa mpaka kaburini."

Sasa sijui kilichoamua ni chesisi au ushemeji. Kugonga kuliisha, hilo nina hakika nalo. Mjomba naye hadi leo, kwenye kila harusi, anasimulia jinsi Land Rover ile ilivyotembea kwa bushi zake nyekundu, na Baba anaitikia kwa kichwa, anaomba aongezewe pilau.