Kanuni Zilizotufungia Nje: Uzoefu Wangu Kisumu

Kanuni tulizoanza nazo nilizinakili mimi mwenyewe. Kituo chetu cha mazoezi na michezo ya watu wenye ulemavu kilipofunguliwa hapa Kisumu nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati, na kwa kuwa mfadhili alitaka kuziona kanuni za washiriki kabla ya kutoa fedha za vifaa, nilizichukua za jimu moja ya mjini, nikabadilisha jina, nikaongeza mistari miwili kuhusu viti vya magurudumu, kisha nikazibandika mlangoni. Mimi hutembea kwa mikongojo tangu nilipougua polio utotoni, hivyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilikuwa na haraka, basi.

Kanuni ya kuchelewa ndiyo iliyoniaibisha kwanza. Ilisema kwamba atakayechelewa kwa zaidi ya dakika 10 hataruhusiwa kuingia, na Jumamosi ya pili tuliwafungia nje watu wanne, watatu kati yao wakiwa watumiaji wa viti vya magurudumu waliotoka mitaa ya Nyalenda na Mamboleo. Utingo wa matatu akimwona mtu wa namna hiyo kituoni hupiga hesabu ya muda wa kumpakia na nafasi itakayochukuliwa na kiti chake, kisha gari hupita. La pili nalo hupita, na la tatu, mpaka mtu akodi tuktuk nzima kwa fedha ambazo hakuzipangia. Tuliifuta kanuni hiyo, ila hatukuitupa sababu yake, ambayo ni kumzuia mtu asiumie kwa kuingia mazoezini mwili ukiwa haujachangamka. Sasa anayechelewa hupasha mwili moto pembeni kwa robo saa, mkufunzi msaidizi akimwangalia, ndipo anapoungana na wenzake.

Baada ya hapo niliitisha mkutano wa washiriki wote, nikaleta na mkalimani wa lugha ya ishara, tukazisoma kanuni moja baada ya nyingine. Ilituchukua Jumamosi tatu. Tulipofika kwenye ile iliyomtaka kila mshiriki aje na msaidizi, mwalimu mmoja asiyeona aliomba nafasi akasema, “Bi. Katibu, mimi hufundisha watoto arobaini darasani peke yangu. Huyo msaidizi atakuja kunisaidia nini hapa?” Watu walicheka, nami nikacheka, lakini niliiona hasara tuliyokuwa tukiwatia watu: nauli ya wawili kila wiki, na siku ya kazi ya ndugu au jirani. Tuliandika kwamba msaidizi ni hiari ya mshiriki mwenyewe, kwamba huingia bila malipo, na kwamba hamsemei mshiriki anapoulizwa jambo. Hapo hapo tukaongeza kwamba hakuna anayeruhusiwa kukishika au kukisukuma kiti cha mtu bila kumwomba ruhusa. Kiti kile ni miguu yake, na hakuna anayeshika miguu ya mwenzake hivi hivi.

Mwongozaji wa mkimbiaji asiyeona tulimwekea kanuni yake mbali, kwa sababu yeye ni sehemu ya mchezo. Wakimbiaji wa daraja la T11, yaani la wasioona kabisa au karibu kabisa, hufunikwa macho na hukimbia wakiwa wameshikana na mwongozaji kwa kamba fupi. Wakenya wengi hukumbuka jinsi Henry Wanyoike, mkimbiaji asiyeona, alivyoshinda dhahabu ya mita 5,000 kwenye Michezo ya Paralimpiki mjini Sydney mwaka 2000 ilhali mwongozaji wake alikuwa ameishiwa nguvu kabla ya utepe, Wanyoike akawa karibu kumburuta. Kisa hicho hupendeza kusimuliwa, lakini kwa mwandishi wa kanuni ni onyo. Kwetu mwongozaji hupimwa kwanza, na asipoweza kukimbia kwa kasi iliyozidi ya mwenzake hapewi kamba.

Kanuni iliyonisumbua kuliko zote ni ya afya. Tulimtaka kila mshiriki alete barua ya daktari. Watu walipanga foleni asubuhi nzima, wengine wakalipia, nazo barua zikaja na sentensi moja tu kwamba mwenye barua anaweza kufanya mazoezi. Nilizipanga kwenye faili nikajiona nimemaliza kazi.

Kisha Jumamosi moja kijana aliyevunjika uti wa mgongo, sehemu ya juu ya kifua, akalalamika kwamba kichwa kinamgonga. Uso ulikuwa umemwiva na jasho likimtoka shingoni. Tukafanya tulichodhani ni huruma: tukamtoa kwenye kiti, tukamlaza kivulini. Maumivu yakazidi. Aliyemwokoa ni mshiriki mwenzake mwenye jeraha kama lake, aliyepiga kelele kwamba aketishwe wima, mikanda ya kifuani ilegezwe na mrija wa mkojo ukaguliwe. Mrija ulikuwa umejikunja chini ya paja. Ulipofunguliwa mkojo ukapita, na kichwa kikatulia baada ya dakika chache, ingawa tulimpeleka hospitali hata hivyo. Mtaalamu wa tiba ya viungo alinieleza baadaye kwamba aliyeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu zaidi anaweza kupandwa na shinikizo la damu ghafla kwa sababu ya kibofu kilichojaa, mkanda uliobana au kidonda ambacho hata hakihisi, na kwamba kumlaza ni kulipandisha zaidi. Kijana yule alikuwa na barua nzuri ya daktari ndani ya faili langu.

Barua tuliziacha, isipokuwa kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji au ambaye ugonjwa wake umebadilika karibuni. Badala yake mshiriki hujaza fomu fupi, au husomewa na kuandikiwa, na maswali yake makubwa ni mawili: ni dalili gani tukiziona kwako tujue kuna hatari, na ukishindwa kusema tukufanyie nini kwanza. Mwenye kifafa huandika yake, mwenye kisukari yake. Kutokana na majibu hayo tulipata kanuni ambazo jimu ya mjini isingetupatia kamwe. Watumiaji wa viti hupumzika kila baada ya dakika 15 hadi 30 ili wajiinue na kupunguza mkandamizo wa makalio, maana vidonda vyake huchukua miezi kupona. Walioumia uti wa mgongo, ambao wengi wao hawatoki jasho chini ya jeraha, hufanya mazoezi yao asubuhi mapema kabla jua la Kisumu halijakolea, chupa ya kunyunyizia maji ikiwa karibu. Fomu zenyewe hufungiwa kabatini, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti. Zamani, naona haya kusema, zilikuwa mezani pangu, na kila mgeni angeweza kuzifunua.

Ishara ya hatari nayo ilitufundisha. Tuliandika kwamba kipenga kikilia kila mtu asimame, mpaka kiziwi mmoja akatuuliza kwa ishara, kwa utulivu mwingi, kipenga ni kitu gani. Sasa kipenga hupigwa na bendera nyekundu hupandishwa papo hapo. Goliboli ilikuwa na shida ya kinyume: wachezaji wamefungwa macho na huufuata mpira kwa sauti ya kengele zilizomo ndani yake, hivyo haiwezekani voliboli ya kuketi ikachezwa upande wa pili wa ukumbi huku watu wakishangilia. Kanuni ya kunyamaza ilishindikana. Tuligawa saa, na ugomvi ukaisha.

Kuhusu picha, hatupigi wala hatumruhusu mgeni kupiga bila idhini ya mwenye sura, na kwa aliye chini ya miaka 18, idhini ya mzazi au mlezi pia. Mfadhili mmoja alinuna. Tuliandika vilevile kwamba kituo hakipangi madaraja ya mashindano, kwa sababu kazi hiyo ni ya wapimaji waliofunzwa na kutambuliwa na mashirikisho ya michezo, na tulichoka kuulizwa na wachezaji wa kikapu cha viti vya magurudumu kama wao ni wa pointi 2 au 3, pointi ambazo kila mchezaji hupewa kulingana na uwezo wa mwili wake, ilhali timu hairuhusiwi kuzidi jumla ya pointi 14 uwanjani.

Kanuni zote sasa zimo katika kurasa mbili, na zimerekodiwa pia kwa sauti, kwa Kiswahili na Dholuo. Moja bado inatugawanya, nayo ni ya kuazima viti vya mbio kwenda navyo nyumbani. Vijana wanasema hawawezi kupata kasi kwa mazoezi ya Jumamosi peke yake, mweka hazina anasema kiti kikipotea hatuna fedha za kingine, na mimi, ambaye natakiwa kuiandika, nawaona wote wana haki. Tutakutana tena Jumamosi ijayo.