Hawakuonekana Katika Orodha, Lakini Walihesabiwa

Wapendwa katika Bwana, neema na amani ziwe kwenu. Neno letu la wiki hii ni Ezra 2:59–63.

Sura hii wengi wetu huiruka. Ni majina juu ya majina: wana wa Paroshi, wana wa Shefatia, wana wa Ara, watu waliopanda kutoka uhamishoni Babeli kurudi Yerusalemu baada ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwapa ruhusa. Lakini ukifika mstari wa 59 orodha inakwama. Kuna wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, waliosafiri njia ileile na wenzao, ila hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao wala kizazi chao. Mwandishi angeweza kuwaacha nje na hakuna ambaye angemlaumu. Hakuwaacha. Aliandika hesabu yao: watu 652.

Nimekaa na mistari hii kwa sababu ya picha za zamani za ukoo wetu. Nadhani hata kwenu zipo. Bibi amekaa kitini, huyo mnamjua. Nyuma yake amesimama mwanamke kijana aliyemwekea mkono begani, na huyo hajulikani. Mkono ule hauwekwi na mgeni. Alikuwa mtu wa nyumbani kabisa, na leo hakuna awezaye kutaja jina lake.

Imekuwaje? Si kwamba hakupendwa. Hakuna mtu anayeandika jina la mama yake nyuma ya picha ya mama yake. Anamjua, aandike ili iweje? Walioziweka picha hizi waliwajua wote waliomo, ndiyo maana upande wa nyuma uko mtupu. Naliona hili ni jambo la kutuonea huruma sisi sote, maana nasi tunafanya vilevile kwa maelfu ya picha zilizo katika simu zetu.

Basi kazi ya kumtafuta mtu huyu ni kazi ya upendo, na upendo una bidii. Anza na upande wa nyuma, hata kama hauna maandishi ya mkono. Mara nyingi utakuta mhuri wa studio na anwani yake, na studio zilikuwa zikihama, kwa hiyo anwani inaweza kukuonyesha miaka. Nchini Marekani picha zilizouzwa kati ya 1864 na 1866 zilibandikwa stempu ya kodi nyuma, nayo peke yake inatosha kukadiria tarehe. Angalia nguo, mitindo ya nywele na umri wa watoto, kwa sababu mtoto mmoja mnayemjua anaweza kuwapa mwaka wa picha nzima. Picha zile za kale zilizopigwa moja kwa moja kwenye bamba la chuma zinahitaji uangalifu zaidi: nyingi hugeuza kulia kuwa kushoto kama kioo, hivyo pete ya ndoa inaonekana kwenye mkono usio wake, na mtu akatajwa kuwa mjane au mseja bure. Tena picha inaweza kuwa nakala iliyosafishwa miaka mingi baada ya kupigwa, kwa hiyo karatasi ikawa changa kuliko sura iliyomo.

Kuliko vyote hivyo, nendeni kwa wazee. Nendeni kwa mmoja mmoja, kwa maana wakikaa pamoja yule mwenye sauti atataja jina na wengine wataitikia. Usimwulize mzee, "Huyu si shangazi fulani?" Mpe picha, nyamaza, mwache aangalie. Kama macho yamechoka, mkuzie sura kwenye simu. Akianza kusimulia habari ya gauni, au ya ule mti ulio nyuma, usimrudishe kwenye swali lako. Jina mara nyingi huja likiwa limeshikana na habari nyingine. Na kile atakachosema kiandikwe papo hapo, pamoja na jina la aliyesema na tarehe. Kwenye picha ya karatasi tumia penseli laini, polepole, pembezoni mwa upande wa nyuma. Wino hupenya na kuharibu.

Sasa rudini kwenye mistari ya 62 na 63, kwa sababu hapa pana neno zito. Baadhi ya makuhani nao walitafuta orodha zao za nasaba zisionekane. Liwali hakuwatungia nasaba ili mambo yaishe. Aliwaambia wasile vitu vitakatifu sana mpaka atakapotokea kuhani mwenye Urimu na Thumimu, vile vitu ambavyo kuhani alivitumia kumwuliza Mungu shauri. Yaani jambo libaki wazi mpaka Mungu mwenyewe alifunue. Ndugu zangu, tunajaribiwa sana mahali hapa. Tunatamani sura ya babu ambaye hatujawahi kumwona, tunakuta mzee mwenye pua kama yetu, na tunaandika jina. Siku hizi kuna hata programu za kulinganisha sura, lakini ndugu wa tumbo moja hufanana, na mashine inaweza kumtaja huyu kwa jina la yule. Ukikosea, umemnyang'anya mtu mmoja uso wake na kumvika mwingine, na wajukuu watairithi picha hiyo wakiamini ni kweli. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo sioni kama ina mwisho jirani akishakufa. Andika "huenda ni", kisha andika kwa nini unadhani hivyo. Na pale usipojua, andika kwamba hajulikani.

Naye asiyejulikana asitupwe. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona picha zikichomwa pamoja na takataka baada ya mazishi, eti "hatuwajui hawa". Paulo anapofunga waraka wake kwa Warumi, katika sura ya 16, anasalimu watu wengi kwa majina, lakini yumo mama yake Rufo, ambaye Paulo anasema ni mama yake pia, na yumo dada yake Nerea. Majina ya wanawake hawa wawili hatukupewa. Tunajua walikuwa wa nani, na kwamba mmoja wao alimlea mtume kama mwanawe. Salamu yao imo katika Maandiko hadi leo bila jina. Kwa hiyo na yule kijana aliyesimama nyuma ya bibi anaweza kuandikwa hivyo: "Mwanamke aliyemshika bibi begani." Ni kweli, na ni heshima.

Wiki hii chagua picha moja tu yenye mtu asiyejulikana, umpelekee mzee aliye karibu nawe, ukae naye. Kisha tuombe hivi:

Bwana, wewe uliyesema kwa kinywa cha Isaya kwamba umetuchora katika vitanga vya mikono yako, tunakushukuru kwa watu walio katika picha zetu, ambao wewe unawajua kwa majina. Wape wazee wetu kukumbuka, na wale waliopotewa na kumbukumbu wape amani, na sisi utupe uvumilivu wa kuwasikiliza. Katika jina la Yesu. Amina.