Bata mzinga wa kwanza wa binti yangu: daftari la misimu miwili

Februari 2024

Nafungua daftari hili kwa sababu binti yangu, mwenye miaka kumi, ameniomba nimfundishe kuwinda. Chanzo ni masimulizi yangu ya Handeni: marehemu baba yangu alikuwa akinichukua wakati wa magharibi kwenda kusikiliza kanga wakipanda mitini, tunarudi nyumbani kulala, na kabla hakujapambazuka tumeshaketi chini ya mti uleule kuwaotea wakishuka. Hapa Kentucky, Marekani, kanga wa porini hakuna, lakini yupo bata mzinga, na tabia zao ni za ndugu. Mchana anatembea akichakura majani, usiku analala juu ya mti. Ukijua alipolala, umepata nusu ya kazi.

Ndege hawa nusura wapotee kabisa katika jimbo hili. Kati ya 1978 na 1997 idara ya wanyamapori iliwakamata mahali pengine na kuwaachia katika misitu ya hapa. Wengine walitoka Missouri kwa kubadilishana: Missouri ilitaka fisi maji, Kentucky ikawanunua Louisiana, ikawapeleka na kupewa bata mzinga. Binti yangu amelipenda jambo hili kuliko yote niliyomweleza.

Sheria ni hizi. Asiyefika miaka 12 hahitaji leseni, ila mtu mzima awe karibu kiasi cha kuweza kuishika bunduki wakati wowote. Wikiendi ya kwanza kamili ya Aprili ni ya watoto peke yao, miaka 15 kushuka chini. Wa kupigwa ni dume, au ndege mwenye ndevu zinazoonekana. Ndevu ni ule mshungi mgumu unaoning'inia kifuani.

Machi 2024

Tunatengeneza kisanduku cha kuitia. Ni boksi refu lisilo na kifuniko cha kufunga, juu yake kuna ubao ulioshikwa na skrubu moja upande mmoja. Ubao unapakwa chaki, ukisuguliwa kwenye ukingo wa boksi unatoa sauti ya jike. Mbavu tumeweka mwerezi mwekundu, ubao wa juu mjozi.

Cha kwanza kililia kama bawaba ya mlango mkavu. Nilikuwa nimeacha mbavu nene mno. Cha pili nilizikwangua mpaka zikapasuka. Cha tatu tulikwenda taratibu kwa msasa, milimita kama tatu hivi, na kila baada ya dakika chache binti yangu anakijaribu na kutikisa kichwa, mpaka jioni moja akasugua mara tatu akaniangalia bila kusema neno. Nami nikasikia. Kulikuwa na jike la bata mzinga ndani ya gereji yetu.

Bunduki ni ya marisau, geji 20, kitako kifupi. Tunaweka risasi moja tu. Tumepiga karatasi zenye picha ya kichwa na shingo, maana huyu ndege hapigwi kifuani; manyoya na mifupa ya pale humeza marisau na atakwenda kufia mbali. Katika hatua 30 karatasi inajaa matundu. Katika hatua 40 yanaanza kuachana. Tumekubaliana: zaidi ya 30 hatufyatui.

6 na 7 Aprili 2024

Zilikuwa siku za mwisho za Ramadhani. Nilikula daku, nikamwamsha, tukaendesha hadi Shelby, mashariki ya Louisville, kwenye shamba la majani ya ng'ombe la mzee mmoja aliyeturuhusu. Tulisikia madume watatu wakilia mitini. Wakashuka na majike wao, wakaelekea upande mwingine, basi. Dume aliye na majike haoni sababu ya kumfuata asiyemwona. Siku ya pili binti yangu alilala begani kwangu mpaka saa tatu.

5 Aprili 2025

Wikiendi ya watoto imeliwa na mvua. Imenyesha tangu Jumatano, na mto Kentucky pale Frankfort unazidi kupanda; wanatabiri utakaribia ile rekodi ya mafuriko ya 1978. Kijito cha shamba la mzee hakivukiki. Kisanduku kikilowa hakitoi sauti hata kidogo, na hata kingetoa nisingempeleka mtoto kwenye maji yale.

Msimu wa watu wote unaanza tarehe 12, utakwenda siku 23. Tutaingia huo.

19 Aprili 2025

Hii nataka kuiandika vizuri.

Saa moja na nusu asubuhi dume alijitokeza ukingoni mwa mialoni, mkia ameutandaza wote, mabawa yanaburura chini. Kichwa kilikuwa cheupe juu, buluu mashavuni, shingo nyekundu kama damu. Nilikuwa nimeketi nyuma ya binti yangu, mgongo wake kifuani kwangu, na niliuhisi moyo wake ukimpiga. Dume akaja hadi hatua kama 25 kutoka kwetu, mbele ya sanamu ya jike tuliyosimika kumvuta. Nikamnong'oneza, "Ukiwa tayari, mama."

Hakufyatua. Nikahesabu moyoni hadi kumi, hadi ishirini. Dume akageuka, akazunguka sanamu, kisha akaingia vichakani. Ndipo nikasikia kitufe cha usalama kikirudi mahali pake.

"Nyuma yake kulikuwa na jike, Baba. Alikuwa ameinama anakula."

Mimi sikuliona. Nilikuwa nimemkodolea dume macho tu. Tulipokwenda kuangalia, nyayo ndogo zilikuwepo, pale pale kwenye mstari ambao marisau yangepita. Nimewinda tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, na sijui kama kwa umri wake ningekizuia kidole changu. Nilimwambia hivyo hivyo.

26 Aprili 2025

Tulifika gizani, saa kumi na moja na nusu. Jana yake magharibi nilikuwa nimekwenda peke yangu kusikiliza, nikawasikia wakipanda kwenye miti mirefu kandokando ya kijito, mabawa yakipiga matawi. Tukaketi juu kidogo ya hapo, migongo kwenye mwaloni mpana, sanamu moja tu mbele yetu.

Alfajiri walilia sana kisha wakanyamaza. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Zamani ningenyanyuka. Lakini mwishoni mwa Aprili majike wengi wameanza kuatamia. Wanakwenda kwenye mayai na kumwacha dume peke yake, na huyo ndiye anayesikiliza. Nikamwambia tule tende, tungoje.

Saa nne kasoro dakika kumi akasugua kisanduku mara tatu, polepole. Ng'ambo ya kijito pakajibu: mlio kama kokoto zinazomwagwa ndani ya debe. Akanigeukia kwa macho tu. Nikamwashiria asiite tena. Akishajibu, umwache akutafute.

Dakika ishirini nzima. Mguu wangu wa kushoto ulikufa ganzi na nzi alinitembea usoni, sikumfukuza, kwa kuwa macho ya ndege huyu yako pembeni mwa kichwa na hayakosi kitu kinachosogea. Kisha kichwa cheupe kikachomoza juu ya majani. Mkia ulikuwa mviringo uliokamilika. Kwa dume wa mwaka mmoja manyoya ya katikati huwa yamezidi mengine urefu. Huyu alikuwa mtu mzima.

Alipoingia kwenye uwazi alikuwa peke yake. Nilitazama nyuma yake mara mbili, nikaona na binti yangu anatazama. Kabla ya msimu nilimuuliza shekhe wetu, akanieleza kwamba anayefyatua ndiye anayetaja jina la Mungu, na ndege akikutwa na uhai achinjwe. Kwa hiyo Bismillahi haikuwa yangu mimi. Niliisikia ikimtoka, nyembamba sana, na ya Allahu Akbar ikamezwa na mlio.

Dume alianguka pale pale, mabawa yakipiga. Nilichukua bunduki, nikaifungua, nikakimbia na kisu, nikamkuta angali na uhai, nikamchinja. Hatua 27 kutoka kwenye mwaloni.

Binti yangu alikuja akitembea. Alipiga magoti, akapitisha mkono juu ya manyoya ya mgongo, ambayo kwa mbali ni meusi na kwenye jua ni shaba na kijani na zambarau. Alikaa hivyo kitambo.

"Alikuwa anamtafuta mwenzake?"

"Ndiyo."

Akalia kidogo, nami nikamwacha alie, nikiwa nimemshika bega. Halafu akaniomba kalamu, kwa sababu anajua sheria: kabla hujamwondoa ndege mahali alipoangukia unaandika kwenye kadi ni ndege gani, dume au jike, tarehe gani, kaunti gani. Ameandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Jioni akapiga simu kuripoti, akapewa namba, akaiandika chini yake.

Kilo tisa. Ndevu sentimita 23. Vikwaru vya miguuni sentimita mbili, vimeanza kupinda. Nakisia miaka miwili.

4 Mei 2025

Msimu umefungwa leo. Mzee wa shamba tulimpelekea kidari kimoja. Kingine mke wangu alikikata vipande, akakilaza usiku kucha kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, akakipikia pilau. Mapaja ni magumu, yana mishipa. Yalikaa jikoni saa tatu na nusu kwa moto mdogo kwenye tui la nazi ndipo yakakubali. Nyama ni nyeusi kuliko ya dukani na ladha yake inamkaribia kanga. Nilipoitia mdomoni nilikaa kimya kidogo, na mke wangu hakuniuliza kitu.

Mabawa hatukuyatupa. Binti yangu amesikia kwamba mifupa mitatu ya bawa moja, ikisafishwa, ikakatwa ncha na kuchomekwa mmoja ndani ya mwingine, inakuwa filimbi ya kuvuta pumzi inayotoa sauti ileile ya jike. Tumeichemsha kidogo, tumetoa uboho kwa waya, na sasa inakauka dirishani jikoni. Wa kati umetoka na ufa mwembamba. Bawa la pili bado lipo kwenye friza.